TAHADHARI NA TAWAKALI
Mawaidha juu ya tufani, mafuriko na joto katika mji wa Maskati

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyezitiisha pepo na bahari, akateremsha mvua ikawa uhai kwa watu na mtihani kwa watu. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, miji mingi ya pwani imepewa neema mbili: bahari mbele yake iletayo riziki, na nchi kavu nyuma yake iletayo maji ya kunywa. Na mara nyingi mlango ule ule ipitamo neema ndimo ipitamo na khatari. Mwenye akili huutazama mlango huo kwa macho yake yote mawili. Aliyeghafilika huutazama kwa jicho moja tu, akaiona riziki asiione khatari, mpaka siku maji yanapoingia nyumbani mwake. Kijitabu hiki chautaja mji mmoja, nao ni Maskati, ili khabari zake ziwe funzo kwa kila akaaye ukingoni mwa bahari.

MJI NA MAHALI PAKE

Maskati umekaa karibu na mstari wa Saratani, pale nchi za joto kuu zinapoishia. Mbele yake ni Bahari ya Omani. Nyuma yake ni milima ya Hajar, milima ya mawe matupu yasiyo na msitu wala udongo wa kuyanywa maji. Mvua yake kwa mwaka mzima ni kadiri ya milimita 100, na iko miaka ambayo hata hiyo haipatikani. Asikiaye khabari hii aweza kudhani kwamba mji wenye mvua chache namna hii hauna la kuogopa katika maji. Dhana hiyo ndiyo iliyowaangamiza wengi.

Wala khabari za mji huu si khabari za ugenini kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalikwenda huko kwa pepo za kusi, yakichukua boriti za mikoko za Lamu na Rufiji, na yalikuja huku kwa kaskazi na tende na samaki mkavu. Baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970, jamaa nyingi zilizokuwa Unguja zilihamia huko, na hata leo Kiswahili chasikika katika nyumba za Maskati. Basi mafuriko yanapoingia huko, huingia katika nyumba za ndugu.

Yafaa kueleza wadi ni nini, kwa kuwa ndiyo asili ya khatari. Wadi ni bonde la mto usiokuwa na maji. Kwa miezi mingi mtu huona changarawe na miti ya miba, na mbuzi wakilisha. Kisha mvua hunyesha mbali, juu ya milima. Mawe hayanywi kitu, maji yakakusanyika kutoka kila ufa, yakashuka kwa ghafula moja kama ukuta utembeao. Huenda mjini mbingu ni nyeupe na jua lawaka, na mauti yako njiani yaja. Ndipo husemwa: mwanamaji wa Kwale kufa maji mazowea. Aliyepita bondeni mara mia na kusalimika ndiye akaribiaye zaidi kuangamia, kwa sababu amekwisha acha kuogopa.

Zamani Maskati ulikuwa mji mdogo ndani ya kuta zake, na Matrah jirani yake. Hata kabla ya mwaka 1970 malango yake yalikuwa yakifungwa usiku. Baada ya mwaka huo mji ulienea kwa haraka kufuata pwani, kutoka Ruwi hata Qurum, Khuwair, Ghubra na Sib, na leo watu wake wamepita milioni moja. Barabara zimetandikwa lami, viwanja vimetiwa saruji, na mahali pengi nyumba zimesimama pale pale palipokuwa njia ya maji. Lakini maji hayasahau njia yake. Hata yakikaa miaka thelathini bila ya kupita, siku yatakapokuja hayamuulizi mtu hati ya kiwanja.

MAMBO YALIYOTOKEA

Mwezi wa Juni 1890 tufani iliupiga Maskati na vitongoji vyake, na waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 700. Mji ulikuwa mdogo siku hizo, wala hapakuwa na njia ya kuwapasha watu khabari kabla ya jambo kutokea. Kisha kizazi kikaondoka na kizazi kikaja, na walio wengi mjini wakaona kwamba tufani ni mambo ya Bengali na Gujarati, si ya kwao.

Mwaka 2007, tarehe 5 na 6 Juni, ikaja tufani iliyoitwa Gonu. Ilipokuwa katikati ya Bahari ya Arabuni ilikuwa na nguvu kuliko tufani yoyote iliyopata kupimwa katika bahari hiyo mpaka siku ile. Ilipita Ras al-Hadd ikaingia Bahari ya Omani, na ijapokuwa upepo wake ulikuwa umepungua ulipoukaribia mji, mvua yake haikupungua. Mahali pengine karibu na pwani ilipita milimita 600, yaani mvua ya miaka sita ikateremka kwa muda wa siku mbili. Wadi zikashuka zote pamoja. Wadi Aday ikatoka katika mlango wake wa mlimani ikaingia Qurum, ikachukua magari, ikazamisha nyumba na ikakata barabara. Waliokufa katika Omani walikuwa wapata 50, na khasara ilikisiwa kuwa dola milioni elfu nne. Na katika hayo mlikuwa na ajabu moja ya kuzingatiwa: mji uliozama katika maji ulikosa maji ya kunywa, kwa kuwa mitambo isafishayo maji ya bahari ilisimama, na kwa siku kadhaa watu wakawa wakitafuta maji kama watu wa jangwani.

Mwaka 2021, tarehe 3 Oktoba, ikaja tufani ya Shaheen. Asili yake ilikuwa masalio ya tufani nyingine iliyotoka Ghuba ya Bengali ikavuka nchi nzima ya India. Iliingia pwani ya Batina, magharibi ya Maskati, na huko Khabura mvua ilipata milimita 369. Katika pande za Rusayl, wafanya kazi wawili waliangukiwa na mlima juu ya nyumba yao ya kulala. Jumla ya waliokufa katika Omani ilipita watu 10.

Mwezi wa Aprili 2024 hapakuwa na tufani yenye jina, ila mvua kubwa tu. Huko Samad al-Shan, bara ya Maskati, gari lililokuwa na watoto wa skuli lilichukuliwa na maji ya wadi. Katika siku hizo walikufa Omani watu wapata 20, na wengi wao ni hao watoto.

Tena iko khatari isiyokuwa na kishindo, nayo ni joto. Tarehe 26 Juni 2018 huko Quriyat, bandari iliyo kusini mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya daraja 42.6 za Selsiasi kwa muda wa saa 24, usiku na mchana. Kabla ya siku hiyo hakukuwa kumepimwa mahali popote duniani usiku wa joto mfano wa huo. Milima hulinywa jua mchana na kulirudisha usiku, na bahari hupandisha unyevu mpaka jasho likakataa kukauka. Mafuriko huua mbele ya watu. Joto huua mgonjwa chumbani mwake, na mzee, na mfanya kazi juu ya paa, wala hapana apigaye ukelele.

SHUBHA YA KWANZA: KWAMBA WALIOKUFA WAMEADHIBIWA

Wako watu ambao, kila wapatapo khabari za mji uliofikwa na msiba, ndimi zao hutangulia akili zao, wakasema: Hao wameadhibiwa kwa maovu yao. Neno hili ni zito, na alisemaye ajitia katika jambo asilokuwa na ilimu nalo.

Kwanza, Mtume s.a.w. amemhesabu aliyezama majini, na aliyeangukiwa na jengo, kuwa katika jumla ya mashahidi. Basi ni vipi Muislamu amtaje kwa ubaya mtu ambaye Mtume amemtaja kwa daraja ya shahada? Na wale watoto wa skuli, ambao wengine wao kalamu ilikuwa haijaanza kuwaandikia dhambi, ni maovu gani waliyoyatenda?

Pili, misiba iliwafika watu bora wa umma huu. Katika zama za Sayyidna Umar iliwafika Madina njaa kuu ya Mwaka wa Majivu, na Sham ikaingiwa na tauni ya Amwasi, wakafa humo masahaba wakubwa, na miongoni mwao Abu Ubaida, aliyebashiriwa Pepo. Hapana mwenye dini awezaye kusema kwamba hao waliadhibiwa.

Ni kweli kwamba Qurani yasimulia khabari za kaumu ya Aadi, ambao wengi katika wafasiri husema makao yao yalikuwa katika michanga ya Ahqafu, baina ya Omani na Hadharamauti. Wao waliliona wingu likielekea mabonde yao wakafurahi, wakidhani ni mvua, kumbe ni upepo wa maangamizi. Lakini tazameni namna Mtume alivyoichukua khabari hiyo. Bibi Aisha amepokea kwamba Mtume alipoliona wingu zito, uso wake uligeuka rangi, akawa huingia na kutoka mpaka mvua inyeshe, akikhofu lisije likawa mfano wa lile la Aadi. Aliikhofia nafsi yake na watu wake. Hakukaa barazani akawahukumu wengine. Basi anayetaka kupata ibra katika msiba wa jirani, na aitafute ndani ya nafsi yake mwenyewe kwanza.

SHUBHA YA PILI: KWAMBA TAHADHARI NI KUPUNGUKIWA NA TAWAKALI

Wako wengine wasemao: Kilichoandikwa kitakuwa, basi ya nini kukimbia nyumba, na ya nini kuweka akiba ya maji? Nao hudhani kwamba neno hili ni imani. Lau lingekuwa ni imani, lingemwelekea Mtume mwenyewe, ambaye alivaa deraya vitani na akachimba handaki kuilinda Madina. Na bedui alipomuuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga kwa kumtegemea Mungu, alimwamrisha amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Na Sayyidna Umar, alipofika Sargh akielekea Sham, akapata khabari ya tauni, alikata shauri kurudi na watu. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu nyingine. Na akampigia mfano wa mchunga aliyeteremka na ngamia zake katika wadi yenye kando mbili, moja ina majani na ya pili ni kavu: popote atakapowalisha atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu, lakini mwenye akili hachagui penye ukavu. Mwenyezi Mungu naye ameamrisha katika Suratun-Nisaa waumini washike hadhari zao, na katika Suratul-Baqara akawakataza kujitia kwa mikono yao katika maangamio.

Na atazamaye mambo ya Maskati ataona tofauti ya kughafilika na kujihadhari. Mwaka 1890 hapakuwa na onyo, wakafa zaidi ya 700. Mwaka 2007 palikuwa na onyo, lakini wengi walikuwa hawajapata kuona jambo mfano wake. Wakafa wapata 50 katika Omani nzima, ijapokuwa mji ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko ule wa zamani. Mwaka 2021 serikali ilitangaza siku mbili za kuacha kazi, watu wakaondolewa penye khatari, skuli zikafanywa makimbilio. Wakafa watu 10 na kitu. Kweli, tufani hizi hazikuwa sawa kwa nguvu wala kwa njia zilizopita. Lakini hapana shaka kwamba wako watu walio hai leo kwa sababu walipoambiwa ondokeni, waliondoka. Na kuondoka kwao ni katika kadari ya Mungu, kama vile kuzama kwa wenziwao.

SHUBHA YA TATU: KWAMBA KUTABIRI MVUA NI KUDAI ILIMU YA GHAIBU

Wako watu wema ambao husitasita kuyasikiliza maonyo ya hali ya hewa, kwa kuwa Qurani yaeleza kwamba ilimu ya mvua ni katika mambo aliyojihusisha nayo Mwenyezi Mungu. Hawa wakhofia dini yao, nao wastahiki kujibiwa kwa upole.

Ghaibu ni kile kisichokuwa na alama kwa viumbe. Ama tufani iliyokwisha kuzaliwa katikati ya bahari, ikaonekana kwa vyombo vilivyorushwa juu ya anga, na mwendo wake ukapimwa saa kwa saa, hiyo ni khabari ya kitu kilichopo, mfano wa mtu aliye juu ya mnara akawaambia walio chini kwamba jahazi laja. Aweza kukosea ikiwa jahazi litageuza tanga. Wala kukosea kwake si uwongo, na kusadiki kwake si kudai ghaibu.

Wazee wa pwani walikuwa wakifanya mambo haya haya. Nahodha alitazama mawingu, rangi ya maji na nyota, akajua siku ya kutweka na siku ya kungoja. Ahmad bin Majid, baharia mkuu aliyetoka Julfar katika pande za Omani, aliandika mwishoni mwa karne ya 15 juu ya misimu ya kusafiri na nyakati za khatari, wala wanazuoni hawakumwita kahini. Kahini asema bila ya alama. Mwenye ilimu ya hewa asema kwa alama, na husema yumkini, hasemi lazima.

Na sababu za tufani zajulikana kwa kadiri Mungu aliyowafunulia watu. Tufani hula joto la bahari. Maji yasipopata kadiri ya daraja 26 na nusu ni shida kuzaliwa. Katika Bahari ya Arabuni huwa nyingi zaidi kabla ya kusi kushika nguvu, yaani Mei na Juni, na baada ya kusi kutulia, yaani Oktoba na Novemba. Kwa kuwa katikati ya msimu pepo za juu hupingana na za chini, zikaivunja kabla ya kusimama. Aijuaye kanuni hii ajua miezi ya kukaa macho. Ni neema ya ilimu, na neema huulizwa mtu Siku ya Kiyama ameitumiaje.

HAKI ZA WATU KATIKA SIKU ZA KHATARI

Dini imekataza mtu kumdhuru mwenziwe, na kulipiza madhara kwa madhara. Kanuni hii yawahusu watu wanne khasa.

Wa kwanza ni mwenye kuuza kiwanja na mwenye kujenga. Sharia yajua kitu kiitwacho harimu, nacho ni mpaka wa kisima na wa njia ya maji usioruhusiwa kuvamiwa. Watu wa Omani wajua sana hukumu za maji, kwa maana wameishi kwa mifereji ya falaji tangu kale, wakigawana maji kwa zamu. Basi auzaye kiwanja cha wadi naye ajua kuwa ni njia ya maji, kisha akamficha mnunuzi, ameuza bidhaa yenye kasoro na amekula mali kwa batili. Na ikiwa nyumba ile itazama na watu wake, atajibu nini mbele ya Mola wake?

Wa pili ni mfanya biashara. Siku maji ya kunywa yanapokosekana, mwenye kuyaficha ili bei ipande ameingia katika ihtikari, ambayo Mtume ameihukumu kuwa ni kosa la mkosaji. Duka laweza kujaa fedha siku tatu, na kaburi likajaa moto.

Wa tatu ni mwajiri. Katika Maskati wako maelfu ya wafanya kazi waliotoka India, Pakistani na Bangladeshi, wengi wao ni Waislamu, nao ndio wabebao mawe katika jua. Sheria ya nchi yakataza kazi za juani kutoka saa 6 na nusu mchana hata saa 9 na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Lakini Muislamu hangoji sheria ya nchi: Mtume amekwisha waita watumishi kuwa ni ndugu, na akakataza kuwakalifisha wasiyoyaweza. Naye kwa ajili ya joto aliwaambia watu waicheleweshe adhuhuri mpaka makali ya jua yapungue. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, imecheleweshwa kwa ajili ya joto, je, kuta za tajiri haziwezi kungoja?

Wa nne ni mwenye chombo, nacho leo ni gari. Katika usiku wa mvua na baridi, Mtume alimwamrisha mwadhini awatangazie watu wasali makwao. Basi ikiwa mtu ameruhusiwa kuacha jamaa ya msikiti kwa ajili ya mvua, ni udhuru gani alio nao atiaye gari katika wadi ishukayo, na ndani yake mna mkewe na wanawe, kwa kuona haya asiambiwe mwoga? Ushujaa huo si wa dini wala si wa dunia. Wanawe ni amana, na amana haitiwi majini kujaribiwa.

KILICHOCHUMWA NA MIKONO

Mwenyezi Mungu ameeleza katika Suratur-Rum kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili wayaonje baadhi ya matendo yao huenda wakarejea. Wataalamu wa zama hizi, kwa kupima miaka mingi, wamethubutisha kwamba moshi wa makaa na mafuta yanayochomwa duniani umeizidisha dunia joto kwa zaidi ya daraja moja tangu zama za viwanda kuanza. Kila hewa inapozidi daraja moja, huweza kuchukua mvuke wa maji zaidi kwa kadiri ya saba katika mia. Na kilichochukuliwa juu hakina budi kuteremka. Bahari nazo zimepanda, kwa wastani wa dunia, kadiri ya sentimita 20 baina ya 1901 na 2018. Na bahari ya joto zaidi ni chakula zaidi cha tufani.

Hapa pana jambo la kusemwa kwa insafu. Omani ilianza kuuza mafuta ng'ambo mwaka 1967, na kwa mali hiyo yakajengwa mahospitali, skuli na barabara ambazo Waislamu wamenufaika nazo. Na waliochoma zaidi ni mataifa ya mbali, kabla ya Maskati kuwa na taa za barabarani. Lakini msiba hauulizi nani alianza. Mtume alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao wapate maji kwa wepesi. Wa juu wakiwaacha, wote huzama. Wakiwashika mikono, wote huokoka. Hewa ni jahazi moja. Mwaka 2022 serikali ya Omani ilitangaza azma ya kuufuta moshi wake ifikapo 2050. Na azma ni deni mpaka itimie.

Yako pia yaliyo karibu na mkono wa kila mtu. Huko Qurum, katikati ya mji, pana msitu wa michu, mti uleule wa pwani ya Afrika, nao umehifadhiwa tangu mwaka 1975. Mizizi yake huvunja nguvu za mawimbi na kushika matope. Aliyeuhifadhi msitu huo ameweka ukuta usiokuwa na saruji. Na aukataye mchu ufukoni kwake kwa kuni za siku mbili, ajua sasa anachokivunja. Vilevile mnajua khabari ya Saba, waliopewa bustani mbili, wakageuka, likavunjika bwawa lao. Leo liko bwawa la Wadi Dayqah huko Quriyat, lililofunguliwa mwaka 2012, liwezalo kushika maji ya meta za ujazo milioni 100. Bwawa ni neema. Lakini bwawa lisilotazamwa, kama nyumba isiyozibwa ufa, huwageukia wenyewe.

DUA NA MAHALI PA MAJI

Katika zama za Mtume watu walipatwa na ukame, akawaombea mvua hali yuko juu ya mimbari. Ikanyesha wiki nzima, mpaka mtu akasimama Ijumaa ya pili akalalamika kwamba mali yaangamia na njia zimekatika. Mtume hakuomba mvua iondoshwe kabisa, kwa kuwa ni rehema. Aliomba iwe pembezoni mwao isiwe juu yao. Iwe juu ya vilima, na katika matumbo ya mabonde, na mahali iotapo miti.

Izingatieni dua hii, ndugu Waislamu, kwani ndani yake mna ilimu ya miji. Mtume ametaja mahali pa maji: kilimani, bondeni na penye miti. Basi mtu aliyejenga nyumba yake ndani ya tumbo la bonde, kisha akainua mikono kuomba dua hii, aomba maji yapelekwe pale pale alipolala yeye na watoto wake. Na aliyekata miti akaweka lami, ameondosha mmoja katika mahali patatu palipoombewa. Dua ni silaha ya muumini, lakini silaha haimfai aliyejipanga upande wa mshale.

Basi yampasa kila mwanamume aliye na watu chini yake ajue nyumba yake iko wapi katika njia ya maji; aweke akiba ya maji safi ya siku kadhaa, na taa, na dawa za wagonjwa; asikilize maonyo, wala asieneze uvumi; akiambiwa aondoke, aondoke mchana kabla ya usiku; asivuke wadi ishukayo; amtazame jirani mzee katika siku za joto, na ampe maji mfanya kazi apitaye. Na maimamu wayaseme haya juu ya mimbari kabla ya Juni na kabla ya Oktoba, wasingoje kuyasema makaburini. Tahadhari ni kabla ya athari.

Wala mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki asidhani kwamba mambo haya yako ng'ambo tu. Mwezi wa Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hata Mafia. Bahari ni moja, na Mola wake ni Mmoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama Maskati na Batina na Samad al-Shan, awaandike katika mashahidi, awape subira wazazi wao. Awajaalie Waislamu kuwa watu wafungao ngamia wao kisha wakamtegemea Yeye. Aijaalie mvua yao kuwa mvua ya rehema, juu ya vilima na katika matumbo ya mabonde na penye mizizi ya miti, wala isiwe juu ya nyumba zao. Amin.